Nakuuliza Harusi, Unanijibu Miti

Thamesmead, 8 Machi 1987

Mwanangu Matar,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe na hao unaoishi nao, kama wapo watu wanaoishi huko. Sisi hatujambo. Goti langu lile lile, ngazi halipandi wala halishuki, na lifti ya kaunsili imekufa tena, kwa hivyo nashuka mara moja kwa siku, na nilichokisahau dukani nimekisahau. Dadako Sheikha mzima, kule hospitali wamempandisha cheo, sasa anavaa mkanda wa rangi nyengine na anatembea kama aliyeununua mwenyewe. Bharti wa dukani anakusalimu. Anasema, "Mama Matar, ambia toto yako lete mimi picha ya dubu." Nimemwambia aombe Mungu dubu asije akaniletea mimi picha yako.

Leo naandika mwenyewe. Barua zangu huniandikia Sheikha, unajua mimi darasa la pili ndilo chuo kikuu changu, lakini hii haifai aiandike yeye kwa kuwa inamhusu. Mwandiko utauvumilia.

Sheikha kachumbiwa. Mtu mwenyewe ni Ghalib, mtoto wa Bi Thuwaiba wa Woolwich. Mpole, anasali, hacheki ovyo. Na ni fundi wa lifti, Matar, hilo peke yake lingetosha mimi kusema ndiyo. Wanataka nikaha iwe Agosti. Sheikh wa msikitini kaniuliza, "Walii wake nani?" Nikamwambia ana kaka mkubwa, babu wa kuumeni keshakufa, ami hana. Basi ni wewe. Wewe ndiye wa kumwoza dadako, akae mtu wa damu yake mbele ya watu atamke jina lake.

Nataka tarehe tu. Siku gani utafika. Watu nimewaambia wewe ni injinia wa barabara, maana kutengeneza njia ni kutengeneza barabara, sikusema uongo, kwa hivyo njoo na viatu vya maana.

Mamako.


Humboldt, Kalifonia, 5 Aprili 1987

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia na nabusu mikono yako. Nimeuona mwandiko wako juu ya bahasha nikashtuka, nikadhani kuna msiba. Pole kwa lifti, pole kwa goti. Mimi mzima, kile kikohozi kimeondoka. Sheikha mpe hongera zangu, na Bharti mwambie dubu nimemwona mgongo tu, alikuwa ananikimbia.

Huku mvua bado zinanyesha. Mwezi huu tumepewa njia ambayo hata ramani imeisahau. Wageni wanaokuja kuitazama miti yetu hii, redwood, miti myekundu, wote huenda kwenye mti mmoja uliowekewa uzio na kibao. Wanapiga picha, wanakunywa kahawa, wanarudi garini. Lakini ukiupita mti ule, nyuma ya vyoo, kuna mahali kangaga, yale majani kama manyoya, zimeota kufika kifua cha mtu. Ukizifungua kwa mikono unakuta njia. Walioichonga ni wakata miti wa zamani. Inateremka mpaka kijitoni, inapita chini ya gogo lililoanguka ambalo ubavu wake umepita kimo cha dari yako, halafu inapanda inaingia ukunguni. Mle ndani hamna upepo. Unasikia matone tu. Majani ya juu yanaukamata ukungu, unageuka maji, inanyesha chini ya mti na nje ya mti ni kukavu.

Kazi yetu ni kufyeka kangaga, kukata magogo na kuchimba vijifereji ili maji yasiile njia. Mzee ninayefanya naye kazi, Zephaniah, huniuliza kwa nini najisumbua hivi na njia asiyopita mtu. Namwambia kwa sababu ipo.

Usiogope, Mama. Kabla ya kuingia napiga hodi kama ulivyonifunza. Zephaniah alinicheka msimu mzima. Sasa akitangulia yeye namsikia, "Hodi!" kwa sauti ya kuuzia samaki, na hangojei karibu.

Kuna na konokono wasio na nyumba, rangi ya ndizi mbivu, urefu wa kiganja.

Mwanao, Matar.


Thamesmead, 22 Aprili 1987

Matar,

Wa alaykum salaam. Goti lile lile. Lifti ile ile. Ramadhani inaingia juma lijalo na tende za Bharti zimepanda bei, anasema si yeye, ni meli.

Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma, nikaikung'uta na bahasha, nikidhani labda tarehe imebaki ndani. Nakuuliza harusi, unanijibu miti. Nimekuuliza siku gani, ukanambia kangaga ziko kifuani. Haya, nimejua konokono wa Amerika hawana nyumba. Mimi nina binti hana walii.

Na njia yenyewe nyuma ya vyoo! Mimi nimesema injinia mbele ya Bi Thuwaiba, mtu ambaye ukimpa neno moja anakurudishia na chenji, na mwanangu ananiandikia vyoo. Barua yako hiyo nimeificha chini ya godoro.

Bharti nimemsimulia, si yote. Kasema, "Mama, labda yeye ona haya." Haya gani? Mbona hukuona haya kuacha chuo uende ukafyeke? Uliponambia, "Mama, mimi kukaa ndani siwezi," nilikulaumu? Nililia chooni, nikatoka nikakupakia biskuti. Sasa nakuomba kitu kimoja. Hata mbuzi ukimwita kwa jina anageuza shingo.

Na huo msitu usinieleze zaidi. Unajua mimi na misitu. Hapa pia tunao, juu kule Abbey Wood nyuma ya magofu, watu wanakwenda na mbwa zao Jumapili, Sheikha kanambia mara ngapi, "Mama, come, ni karibu tu." Sijaukanyaga na sitaukanyaga. Basi, yameishia hapo.

Tarehe, Matar.

Mamako.


Humboldt, 14 Juni 1987

Mama mpenzi,

Idi imepita na sijakuandikia, niwie radhi. Niliswali peke yangu kwenye uwazi mmoja, Zephaniah kanikalia mbali ameshika chupa ya chai, nilipomaliza akanipa mkono akasema, "Karibu." Hajui maana yake lakini amejitahidi. Nimefurahi kwamba Sheikha amepata mtu mpole. Huyo Ghalib akishaoa amtengenezee mkwewe lifti kwanza, mengine baadaye.

Njia ile ya nyuma ya vyoo imefika mwisho. Inatokea mlimani, unaona bahari nyeupe yote, kumbe si bahari, ni ukungu uliolala juu ya miti. Mtu wa kwanza kupita alikuwa bibi wa kizungu na fimbo yake. Hakusema asante wala nini. Alipita tu, kama njia ilikuwapo siku zote. Nilifurahi kuliko kama angenipa zawadi.

Mama, ya walii. Umeniuliza mara mbili nami nimenyamaza mara mbili, si kwa kiburi. Walii wa binti ni baba yake. Mimi baba sikumzika. Na wewe hukumzika. Mtu akikaa mahali pa mwenziwe, mwenziwe akirudi atakaa wapi?

Unaikumbuka ile njia iliyokuwa nyuma ya nyumba kule shamba? Siku alipoondoka na wale wenziwe aliniambia, "Matar, njia hii usiiache ikaota majani, nije nikapotea nyumbani kwangu." Nikawa kila asubuhi nafyeka. Halafu wewe ukanipokonya mundu. Sikukuuliza kwa nini, na sasa sikuulizi. Nasema tu kwamba hakuna aliyenambia niache.

Mwanao, Matar.


Thamesmead, 1 Julai 1987

Mwanangu,

Leo salamu zitakuwa fupi kwa sababu nikizirefusha nitalia na karatasi italowa. Sote wazima. Lifti ilitengenezwa Jumatatu ikafa Jumatano. Sheikha anashona mwenyewe mapazia ya nyumba yake na hajui kama mamake halali.

Nilikwenda kwa sheikh. Kaniuliza vizuri, mtu wa heshima, "Bibi, baba wa binti hayupo kwa kufa, au hayupo kwa kutojulikana alipo?" Nikamwambia, "Hayupo." Akasema, "Kwa kufa?" Nikamwambia, "Sheikh, hayupo." Hilo ndilo neno langu tangu mwaka wa sitini na nne, mwaka wa mapinduzi. Ofisini nimeandika hayupo, kaunsili nimewaambia hayupo, na Sheikha aliyezaliwa hamjui nimemwambia hayupo. Ni neno zuri, halimzibii mtu mlango. Basi sheikh akavuta ndevu akasema, "Ikiwa hivyo, nitamwoza mimi, sheria inaniruhusu, mimi ni walii wa asiye na walii."

Walii wa asiye na walii! Nimebeba mimba, nimezaa, nimevuka bahari na watoto wawili na birika moja, nimesugua sakafu za skuli za watu mpaka goti likasema basi, ili mwanangu aozwe kama kifurushi kilichookotwa stesheni? Na Bi Thuwaiba keshaanza kuwauliza watu, "Kwani, shoga, hawana watu?" Nimemwambia Agosti haifai, una mradi mkubwa wa barabara. Nimeiahirisha mpaka mwisho wa mwaka. Zaidi ya hapo watamtafutia mtoto wao msichana mwengine, na Sheikha atavitandika vile vitambaa vya mapazia kitandani kwangu alie juu yake.

Ya mundu. Hukuniuliza, lakini nakujibu. Nilikupokonya kwa sababu njia nyeupe huonyesha nyumba. Babako angeifuata hata ikiota miba, ni njia yake. Wale wengine, wenye bunduki, nilitaka wasiione. Ndiyo nikayaacha majani yaote. Na ingekuwa leo ningekupokonya tena, na kofi juu.

Yupo mtu Hayes, Mzee Khelef, anayepakia mizigo kwenye maghala karibu na uwanja wa ndege. Unamkumbuka, ukiwa mdogo akikupa peremende kwenye maulidi. Yeye aliondoka na babako siku ile ile, kwa njia ile ile ya msituni. Yeye yuko Hayes. Miaka yote hii nakutana naye. Ananiamkia, namwitikia. Namuuliza mkewe, ananiuliza goti. Simuulizi jengine na yeye hanambii jengine. Tumezoeana hivyo kama watu waliopanga. Usinilazimishe.

Mamako.


Humboldt, 19 Septemba 1987

Mama mpenzi,

Nisamehe kwa kuchelewa. Jua limekuwa kali, tukapelekwa kuzima moto wa misitu upande wa bara, barua yako nimeikuta mwezi mzima inanisubiri. Mimi mzima ila nyusi zimeungua kidogo, zinaota. Zephaniah anakusalimu. Anasema mama anayejua kwamba njia nyeupe huonyesha nyumba angemwajiri kesho. Nilimtafsiria, nisamehe na hilo.

Ya mundu nimeyasikia. Laiti ungenambia zamani. Lakini mtoto wa miaka sita ungemwambiaje.

Juzi tumeanza njia nyengine, ndogo kuliko zote, ya kuzunguka bonde moja ambalo hata walinzi wa msitu hawalijui. Tukakuta miti imesimama duara, imekaribiana kama watu wanaokula sinia moja, na katikati hapana kitu. Zephaniah akanambia hapo katikati ndipo alipokuwa mzazi wao. Mti ulikatwa zamani, mizizi haikufa, ikatoa watoto pembeni. Kisiki kimeoza mpaka kimekuwa udongo. Nikaingia nikakaa pale katikati nikala mkate wangu. Palikuwa laini. Halafu nikaona vibaya, nikatoka, nikaumalizia nje.

Mama, mwache sheikh amwoze. Mimi nitakuja kama mgeni nibebe masinia. Nisamehe.

Matar.


Thamesmead, 25 Oktoba 1987

Mwanangu Matar,

Sisi wazima, na nakwambia hivyo mwanzo kwa sababu labda umesikia. Juma lililopita usiku umetupitia upepo sijapata kuuona London. Madirisha yalikuwa yanaitika, vifuniko vya mapipa vinaruka kama kuku. Sheikha kalala chumbani kwangu, tukasoma Yasini mpaka sauti zikakauka. Asubuhi duka la Bharti halina kibao. Kimekutwa kwa jirani wa mtaa wa pili, na Bharti kakwenda kukidai na yule bwana anataka apewe kwanza pole ya maua yake yaliyopondwa.

Kutoka dirishani kwangu kule juu msituni naona mwanga mahali ambapo siku zote huwa giza. Miti imelala. Nikashuka ngazi zote, goti likapiga kelele nikaliambia nyamaza, nikapanda mpaka ukingo wa msitu. Sikuingia. Nilisimama ukingoni na watu wengine. Mti mkubwa uko chini, mizizi juu, imeshika udongo kama vidole. Watu wanapita, mmoja anasema, "What a shame," mwengine anapangusa macho, mtoto anapanda juu yake. Nikangoja. Hakuna hata mmoja aliyesema labda kesho utasimama.

Basi nikarudi nikavaa buibui langu zuri nikaenda Hayes. Basi moja, treni mbili, na nyengine imesimama njiani kwa ajili ya miti. Nimefika adhuhuri. Khelef kanifungulia mlango na soksi zake, kaniona, akasema, "Leo hukuja kuuliza mke wangu." Nikamwambia, "Leo sikuja kumuuliza mkeo."

Akanikalisha. Akasema, "Umechelewa, bibi." Nikamwambia, "Na wewe ulikuwa na mdomo." Akasema, "Mimi nilisema anayetaka kujua atauliza. Nikikuona unaniuliza mke wangu, nasema bado hataki." Nikamwambia, "Na mimi nilisema mwenye habari njema hangenyamaza."  Tumeoneana huruma, Matar, mpaka mvi zimetutoka. Nilitamani kumpiga na mkoba.

Haya ndiyo aliyonambia, na nakuandikia kama alivyosema. Walilala msituni. Wenzao wakataka kushuka pwani watafute chombo. Babako akasema hawezi, mkewe ana mimba na mtoto wake wa kiume anafyeka njia. Alisema hivyo, Khelef kaapa. Akageuka kurudi peke yake. Hakufika mbali, wakasikia bunduki. Waliponyamaza wale watu, Khelef akarudi na mzee mmoja wa pale, mtu mwema, wakamkuta. Wakamsalia wao wawili. Wakamzika hapo hapo karibu na mto, penye mfenesi, wakaweka mawe matatu. Hakuteseka, kasema Khelef. Labda ananidanganya hapo, nimemwacha anidanganye.

Mwanangu, babako hakupotea. Njia alikuwa anaijua. Alikuwa anakuja nyumbani, akazuiwa.

Nimekwenda kwa sheikh na Khelef akatoa ushahidi wake. Nikamuuliza na langu, nikamwambia, "Sheikh, mimi eda sikukaa, nitakaa lini, nianze leo?" Akanitazama. Akasema, "Ulikuwa na mimba?" Nikasema ndiyo, ya huyu huyu Sheikha. Akasema, "Eda ya mwenye mimba ni kuzaa. Siku uliyojifungua huyu binti, siku hiyo eda yako iliisha." Unaelewa? Nilikuwa mjane na nikatoka edani, na nilikuwa sijui yote mawili. Nilidhani nazaa tu.

Sheikha nimemwambia.  Kanishika goti.

Sasa nisikilize, maana nimechoka na wewe. Umekaa katikati ya ile miti ukaona vibaya. Umeona vibaya kwa sababu hukuambiwa kwamba mwenyewe keshaondoka. Sasa nakwambia. Keshaondoka. Mahali pake ni pako. Wewe ndiye walii, si sheikh, si mbeba masinia. Kamalizie mkate wako ndani.

Na uniandikie tarehe.

Mamako.


Humboldt, 12 Novemba 1987

Mama,

Nakuamkia. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Barua niliichukua posta nikaenda nayo mpaka bondeni, nikaisoma mle ndani ya duara. Nimekaa hata jua likahama. Zephaniah alikuja kunitafuta, akaona. Alivua kofia akakaa nje ya miti, akangoja.

Kumbe alimwambia Khelef kwamba nafyeka.

Nitafika Jumatatu tarehe 14 Desemba, asubuhi. Nitamwoza dada yangu. Nimeyajaribu maneno huku peke yangu ili nisije nikayakosea mbele za watu: mimi Matar, mtoto wa marehemu Hamad, nakuoza dada yangu Sheikha, binti wa marehemu Hamad. Neno moja lilinikwama. Nimelisema kwa sauti mpaka likatoka.

Viatu vya maana sina. Nitanunua.

Mwanao, Matar.


Thamesmead, 31 Januari 1988

Mwanangu mpenzi Matar,

Natumai umefika salama, ingawa salama yenyewe nimeipata kwa Sheikha uliyempigia simu yeye, mimi nikaachiwa kusikia mlio. Sisi wazima. Goti linauma kwa heshima. Lifti inakwenda! Ghalib alikuja na mkoba wake siku ya Jumapili, bila kaunsili kujua, kafungua, kapuliza, kafunga. Watu wa ngazi nzima wananiamkia. Hata yule wa chini asiyemwamkia mtu.

Picha za nikaha zimetoka. Katika zote umefumba macho. Bharti amezitazama moja moja akasema, "Toto yako zuri, lakini lala." Nimemwambia hakulala, alikuwa anatafuta neno. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya mlango, masikio yote kwenye ubao, na Bi Thuwaiba amenikanyaga. Ulipofika "mtoto wa" ukanyamaza. Sheikh kangoja. Ghalib kakupa mkono, mkono uko hewani, huo nimeuona pichani. Bi Thuwaiba akaninong'oneza, "Injinia kasahau." Nikamwambia, "Nyamaza, anavuka." Halafu tukamsikia Khelef anakohoa, na wewe ukasema. Marehemu Hamad. Mara mbili ukasema, la kwako na la Sheikha. Mimi vigelegele havikunitoka. Bi Thuwaiba ndiye aliyevipiga, na kwa hilo nimemsamehe mguu wangu.

Sasa nikugombeze. Asubuhi ya pili, mtu ameozesha jana, khitma ya babake imesomwa jana, watu wanakuja kunipa mkono wa pole na wa heri pamoja na sijui nitoe upi, wewe unaniambia, "Mama, twende tukaone msitu wako." Nikasema siendi. Ukanipa mkono. Nimekwenda kwa sababu ulinipa mkono, si kwa jengine. Ukapiga hodi mlangoni pa msitu wa Waingereza, na bwana mmoja mwenye mbwa akakujibu "Morning." Tukafika pale mti ulipoziba njia, na wewe, na viatu vyako vipya vya harusi, ukatoa msumeno wa Ghalib kwenye mfuko wa Bharti. Mfuko wa duka, Matar! Ulikuwa umepanga. Nikakwambia kaunsili watakukamata, ukasema, "Mama, shika hili tawi." Na mimi nikashika. Mtu aliyepokonya mundu, amesimama ameshika tawi. Viatu umeviacha hapa, vimekwisha, sijui ulidhani nitavifanya nini.

Kaunsili walikuja juma la pili, wakaona pamekatwa, wakakata na upande uliobaki. Njia iko wazi.

Nakwenda huko kila Ijumaa baada ya chakula. Lifti ipo, sina udhuru. Mwanzo nilikwenda na Sheikha, sasa Sheikha ana nyumba yake, nakwenda na Bharti. Bharti anavaa koti la mumewe na anaogopa mbwa. Nachukua ufagio mdogo, maana majani yameanguka mengi na yakilowa yanateleza, mtu mzima akianguka pale atalaumiwa nani? Mimi napiga hodi, Bharti anasubiri aone kama nitaitikiwa. Simsubiri mtu, usidhani. Nafagia tu.

Juzi Bharti kachoka, kakaa juu ya lile gogo ulilolikata, akaniuliza, "Mama Matar, hii njia enda wapi?"

Nikamwambia haiendi popote. Inazunguka, inarudi nyumbani.

Mamako.